Sita na Mbili Nilizozihamisha

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula sima ya njano. Unga ule wa kutoka ng'ambo ulinuka gunia, na hata leo nikisikia harufu ya unga uliokaa sana, pua hunirudisha Changamwe, kwenye chumba chetu kimoja, na roho hunichoma kwa wivu. Naam, wivu. Mie sifichi.

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, lakini sifa zote zilikuwa za mdogo wangu, Kadzo. Kadzo ana akili, Kadzo anajua hesabu. Mie nilijua kusonga sima isiyo na madonge. Nani aliwahi kunisifu? Na baba alikwisha kusema: mwakani atasomesha mmoja tu.

Jumapili moja baba, aliyekuwa mpakiaji wa malori, aliandika mlangoni kwa chaki nambari aliyoiona ubavuni mwa kontena: 4782969.

"Nani ataniambia kama inagawika kwa tisa, pasi na kuigawa?"

Kadzo akaitazama kidogo tu. "Inagawika, baba."

"Umejuaje?"

"Nikirudi mferejini nitakwambia." Akabeba ndoo, kwa maringo yake yale.

Nikaungua. Nikajiambia, huyu kakaririshwa na mwalimu nambari hii moja. Baba alipokwenda kuoga, nikafuta sita na mbili kwa upindo wa leso, nikazibadilisha mahali: 4786929. Sasa na aje aumbuke!

Akaja. Akautazama mlango, akanitazama mimi, akacheka hadi maji yakammwagikia.

"Dada, umezihamisha! Haya, zivuruge zote upendavyo. Nne, saba, nane, sita, tisa, mbili, tisa: jumla arobaini na tano. Arobaini na tano yagawika kwa tisa, basi na nambari nzima yagawika. Kwani ukizihamisha, jumla inapungua?"

Baba, aliyekwisha kurudi kuoga, akaigawa kwa mkono, polepole, ulimi nje. Haikubaki hata moja. Akanigeukia.

"Mpe mwenzio hongera."

"Simpi, hata mkinichinja."

Januari Kadzo akavaa sare. Mie nikabaki na mwiko.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa nambari ile ndiyo iliyoninyima shule. Nimekuja kuelewa uzeeni, wajukuu wangu wakifanya hesabu zao mezani pangu, tena wakizifanya vizuri, msiniulize akili wametoa wapi. Siku ile nilisimama mbele ya nambari ile peke yangu, chaki mkononi, hakuna wa kunisumbua. Ningeweza kuiuliza kitu. Badala yake nikaitumia kumwaibisha ndugu yangu.

Juzi Kadzo alikuja kututembelea, mwalimu mstaafu, miwani puani. Wajukuu, waliokijua kisa chote, wakanizunguka.

"Nyanya, mpe basi hongera yake. Keshazeeka!"

Naye akanitazama, akingoja. Wallahi, alingoja kweli. Najua ni haki yake, na najua ni neno moja tu.

"Simpi, hata mkinichinja."