Maji Mdomoni, Mayai Motoni

Mchana kweupe, huko Bongwe, nilikuwa nimesimama jikoni kwa watu, mdomo umejaa maji, natazama mayai ya mwenye nyumba yakiungua. Na ruhusa ya kusema sikuwa nayo.

Usicheke. Ngoja nikueleze.

Naitwa Twaiba, mzaliwa wa Msambweni. Mimi na mwenzangu Lewis tuna chama kidogo pale Ukunda, cha watu wanaopenda kuchezea zile bodi ndogo za kielektroniki. Ni vijikompyuta vya ukubwa wa kiberiti. Unavipa maagizo, navyo vinakufanyia kazi: kuwasha taa, kupima joto, kufungulia bustani maji.

Lewis ni fundi; kwa bodi hizo ameunda mashine ya kuangulia mayai. Mimi ni wa kuandika. Ule mwongozo wa mtu anayeanza, asiyejua hata waya upi uende wapi, ni kazi yangu mwanzo hadi mwisho.

Na nilijivuna nao, wallahi! Kila aliyeusoma nilimuuliza, "Vipi, umeelewa?"

Jibu lilikuwa lile lile. "Mashallah, Twaiba, umeeleweka kabisa."

Basi kichwa kikavimba.

Kisha ikaja habari njema. Vikundi vya wafugaji, kutoka Bongwe hadi Lunga Lunga, vilizitaka mashine zetu za kuangulia mayai, kila moja na mwongozo wake ndani. Mimi nikasema tuchapishe kesho. Lewis, mtu wa bara yule, akanitia breki.

"Manze, sisi hatujawahi ona mtu akiutumia. Watu wanasema tu ni poa."

"Wanasema kwa sababu ni kweli."

"Sawa. Tupate mtu afunge mashine tukimtazama. Na wewe usiseme kitu, Twaiba. Hata neno moja."

"Nitanyamaza."

"Wewe? Zii. Utaweka maji kwa mdomo."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania.

Wa kujaribu alijitokeza mwenyewe, hata hatukumtafuta. Bi Subira wa Bongwe, mfugaji wa kuku, ndiye mtu wa kwanza tuliyempa mashine yetu. Mayai yake ya mwanzo yaliharibika yote. Nilipokwenda kumuuliza, alinambia, "Ni stima, mwanangu. Yaliyopita yamepita." Nikampa pole, nikala wali wake wa nazi, nikaenda zangu.

Safari hii alinipigia simu.

"Kideri, ugonjwa huu wa kuku, kimepita huku, Twaiba. Kuchi wangu wote wamekwisha. Mtetea wa mwisho alitaga, kisha naye akafa. Mayai yake nitayatia kwenye mashine yenu, nifuate mwongozo wenu. Njooni mtazame."

Kama huwajui kuchi, ni wale kuku warefu wenye macho makali, jogoo wao akisimama mlangoni hata mbwa hupita mbali. Mbegu ya Bi Subira aliachiwa na marehemu mamake. Mayai yale yakifa, mbegu imekufa.

"Bi Subira, usijaribie hayo," nikamsihi. "Tia mengine kwanza."

"Kwani mwongozo una shaka?"

Nikamwita Lewis.

Basi tukaenda.

"Shikamoo, Bi Subira."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mambo yako tayari."

Vipande vya mashine alivipanga mezani, juu ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Nikasema moyoni, mwanamke msafi huyu. Mayai yalikuwa ndani ya sanduku la mashine, yamelazwa kwenye maranda. Lewis akanipa kikombe cha maji.

"Jaza mdomo. Usimeze. Ukiongea tu, mwongozo umefeli."

Bi Subira akaanza. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, bila haraka. Waya mwekundu akautia pake, mweusi pake. Bodi ikawasha kitaa chake cha kijani. Mimi nikaanza kutabasamu, maji yakataka kunitoka.

Akafika hatua ya tisa. Niliiandika hivi: "Unganisha kihisi. Kisha washa."

Kihisi ni kile kijidude chenye waya mrefu kinachopima joto. Ndicho kinachoiambia bodi: bado baridi, washa balbu. Au: yatosha sasa, zima.

Akakiunganisha, barabara kabisa.

Kisha akakilaza mezani, kando ya bodi. Nje ya sanduku.

Akafunika mayai. Akawasha. Balbu zikawaka, naye akaketi, mikono mapajani.

Nikangoja akumbuke akitie ndani. Hakukumbuka. Hakuwa na cha kukumbuka! Macho yangu yakaangukia mwongozo uliofunguliwa pale mezani, kwenye picha niliyoipiga mwenyewe: bodi, nyaya, kihisi, vyote vimepangwa vizuri juu ya kitambaa cheupe.

Kumbe kitambaa kile hakikuwa usafi. Bi Subira alikuwa akiifuata picha yangu.

Na mwongozo mzima, kurasa zote zile, hakuna mahali nilipoandika kwamba kihisi kikae katikati ya mayai. Sikuandika kwa kuwa sikudhani kuna mtu wa kuambiwa.

Sasa kihisi kiko pale mezani, karibu na dirisha, kinapigwa na upepo. Kitaiambia bodi baridi, baridi, nayo bodi itaendelea kuchoma. Ndani ya sanduku, nyuma ya kioo, kulikuwa na kipimajoto cha kawaida. Kilisoma thelathini na saba. Hapo ni salama.

Kikapanda. Thelathini na nane.

Nikamkodolea Lewis macho. Akaweka kidole mdomoni, nyamaza.

Thelathini na tisa.

"Mmh! Mmmh!"

"Twaiba, rules ni rules," akanong'ona.

Na niseme ukweli, hapo nilisita. Nikifungua mdomo, kazi yangu imefeli mbele ya watu. Nikitulia, labda joto litasimama lenyewe. Mtu mzima, nikasimama pale nikijidanganya na maji mdomoni.

Arobaini. Likizidi hapo, kifaranga hufia ndani ya yai.

Nikaruka. Nikachomoa waya ukutani, maji yakanitoka puu, yakamlowesha Lewis shati zima. Nikafungua kifuniko, nikavua mtandio, nikaanza kupepea mayai huku nalia.

"Bi Subira, nisamehe! Yanaungua! Kihisi kilitakiwa kikae ndani! Ndani, kati ya mayai! Sikuandika!"

Bi Subira hakuinuka. Alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe ni hapo," akasema.

Kisha akachukua yai moja, akaligonga kwenye ukingo wa bakuli, akalipasua.

Nikapiga kelele. Lewis akashika kichwa.

Bakulini kikaanguka kiini cha njano na ute wake. Yai la kawaida la kula.

"Ni ya dukani kwa Baya," akasema Bi Subira. "Ya kuchi yako kwa jirani yangu Judy. Bata wake anayaatamia."

Nikaketi chini.

"Mbona ulituambia ni ya kuchi?"

"Ningekwambia ni ya dukani, ungetazama kwa macho hayo?"

Akaja akakaa karibu nami, sakafuni.

"Yale ya kwanza, Twaiba, stima haikupotea. Nilifuata mwongozo wako neno kwa neno, yakaiva yote. Nikadhani ujinga ni wangu. Na hata kama si wangu, wewe umeniletea mashine bure, umekaa kwangu umekula, nikwambie kazi yako mbovu? Kwetu haisemwi hivyo. Lakini niliposikia mnawapelekea wenzangu wa Lunga Lunga, nikashindwa. Nikaona kama kusema siwezi, basi uje uone mwenyewe."

Nilimkumbatia, nikalia upya. Nikawaza wale wote waliowahi kunambia mashallah, umeeleweka kabisa. Wangapi walirudi kwao wakajiona wajinga?

Mwongozo niliuandika upya pale pale jikoni kwake. Safari hii nilisoma kwa sauti, yeye akafanya, na kila alipositasita kidogo nilikata mstari. Picha ya kitambaa cheupe niliichana. Chakula cha jioni, kama umekisia, kilikuwa mayai.

Bata wa Judy aliwaangua kuchi salama, akawalea, ila kila akiingia kwenye dimbwi wanae walibaki ukingoni wakimlilia. Walipokua wakataga, mayai yao ndiyo Bi Subira aliyoyatia kwenye mashine. Kihisi akakilaza katikati kwa mkono wake. Yakaanguliwa.

Jogoo mmoja alinipa mimi. Amemwita Hatua ya Tisa. Huniwikia dirishani kila alfajiri, na haniruhusu kusahau.

Ndugu yangu unayemfundisha mtu kitu chochote, usimuulize kama ameelewa. Mwenye adabu atakwambia ndiyo, kisha akaunguze mayai yake kimya kimya. Mpe afanye, ukae pembeni utazame.

Na maji mdomoni yanasaidia.