Nilivyopita ndani ya ukuta na bado nikanyimwa firigisi

Leo nimepitisha gari ndani ya ukuta na sikupata hata mkwaruzo.

Msicheke kwanza.

Tulikuwa kwa dada yangu huko Kiamunyi. Kuku imeiva, firigisi ya kupewa mzee ni moja, na wazee ni wawili: mimi na kaka ya bwanake, Barasa. Dada akasema tushindane kwa ile gemu ya mbio za magari ya kwa TV, ya binti yake Neema. Mshindi ale firigisi.

Mimi niliyeteremsha lori mteremko wa Salgaa bila breki, tena nikipiga mswaki, nishindwe na mtu wa baiskeli?

Barasa akaniacha mbali. (Nilikuwa nampa heshima.)

Kona ya mwisho sikupunguza mwendo. Gari ikaingia kwa ule ukuta wa kando ya barabara, ikazama kama mwiko kwa uji, ikatokea ng'ambo, mbele ya Barasa. Namba moja.

Neema akasema, "Anko, hiyo ni gemu iko na kasoro."

"Hiyo ni njia ya mkato. Sisi madereva wa zamani tunazijua."

"Basi rudia tuone," Barasa akasema.

Nikarudia. Ukuta nikapita vizuri, lakini ng'ambo hakukuwa na barabara. Gari ikaanza kuanguka hewani, na haifiki chini.

"Anko, unaenda wapi?"

"Nateremka Bonde la Ufa. Tulieni."

Kugeuka hivi, Barasa anatafuna.

Wenye kujua sheria, mshindi ni nani? Jibuni upesi. Kwa sufuria imebaki shingo, na Barasa ameanza kuiangalia.