Mvinyo Nilioufananisha na Ukwaju

Mimi huhoji kila kitu isipokuwa nafsi yangu. Hoteli yetu hapa Maskati ilipoleta mvinyo mwekundu wa Kihispania, nilipewa kazi ya kuandika kwenye menyu unakwenda na chakula gani. Sijawahi kuonja pombe. Badala yake nikanywa maji ya ukwaju ya mama, nikaandika kwamba mvinyo ni mkali kidogo, unafaa kwa mbuzi wa kuchoma, samaki hapana.

Meneja wangu, mtu wa Mombasa, alifurahi mno. Mama alipokuja kunichukua, meneja akamwonyesha menyu.

Mama akasoma, akanigeukia. "Umeijuaje ladha yake, mwanangu?"

Meneja naye alisubiri jibu.

"Ni ukwaju wako, mama."

"Alhamdulillahi," mama akashusha pumzi.

Meneja akaichukua menyu mkononi mwa mama, polepole.