Mapigo ya Kilimia

Kigoda cha mwalimu nje ya shule ya kambi ya Mtabila ki kitupu, na mvua hizi za 1998 hakuna anayetuonyesha kundi la nyota za Kilimia likichomoza. Mwalimu huyo wa fizikia, mkimbizi kutoka Burundi, alizoea kufundisha akiwa amejishika kifundo cha mkono. "Hizo ni nyota changa. Baadhi zinapwita, hazijatulia." Mama Ndayisenga, mkulima aliyekuwa akipita na jembe begani, alimcheka: "Changa? Bibi yangu alipanda maharage kwa hizo hizo, mwalimu!" Mwalimu naye alicheka, vidole vikiendelea kubonyeza kifundo. Tulidhani anatuigizia mapigo ya nyota. Jioni moja alikatiza somo, akaninong'oneza mimi mwalimu mwenzake: "Moyo umesita tena. Usiwaambie wanafunzi." Sasa amelazwa hospitalini Kasulu, kitanda cha pili kutoka dirishani.