Soja na Mtoto wa Vitambaa

Sisi tuliokulia Mkolani mitumba ilipoanza kumwagika mjini, hatukujua kwamba mbwa anaogeshwa kwa shampuu. Alikula mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, na alilinda nyumba. Wetu aliitwa Soja. Alibweka hata mchungaji alipokuja kutuombea.

Mama alipokaribia kujifungua, baba alisema, "Soja akinguruma mbele ya mtoto, namvusha kivuko cha Kigongo akalinde ng'ombe wa mjomba wenu."

Sikutulia tena. Kanisani nilimwombea mama kwanza, kama nilivyofundishwa, kisha Soja, harakaharaka.

Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka kijijini kumsaidia mama. Alilikunja blanketi la mtoto la mtumba, akalijaza vitambaa, akanipa nilipakate. "Zunguka naye uani. Soja akikurukia, usimpige. Mwambie akae."

Nikazunguka asubuhi na jioni, nikibembeleza vitambaa, huku kaka yangu akinicheka. "Dada, mwanao mbona hanyonyi?"

Soja aliruka, akanusa, mwishowe akazoea kulala miguuni pangu. Lakini kaka akitaka kuninyang'anya mtoto wa vitambaa, Soja alimngurumia. Bibi alifurahi: mbwa ameshajua kulinda. Mimi nikamziba Soja mdomo, maana baba alikataza kunguruma mbele ya mtoto, hakusema ni kumngurumia nani.

Mama akarudi salama kutoka hospitali na mdogo wetu. Nikaketi mkekani pale uani, bibi akanipakatisha mtoto ndani ya kanga. Soja akaja polepole, akanusa kanga, akajilaza miguuni pangu. Nikashusha pumzi. Ndipo baba akainama amchukue mwanawe, na Soja akanguruma.

Baba alibaki na mikono imenyooshwa.

"Omba ruhusa, mwanangu," bibi akasema. "Mlinzi yuko kazini."

Mama akaanza kucheka, ingawa kucheka kulimuuma. Baba alimtazama mama, akamtazama mbwa, kisha akapiga magoti mkekani na kutoa kiganja. Soja akakinusa, akasogea kando. Safari ya Kigongo haikutajwa tena.

Siku hizi wanangu wana mbwa anayelala sebuleni, na mtoto akitarajiwa wanauliza simu namna ya kumzoesha. Simu inajibu vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo. Ila sijaona bado simu iliyompigisha baba magoti mbele ya mbwa ili apewe mwanawe, akanyanyuka amembeba, macho yamemlowa, anasema ni vumbi.