Jentrix na Abiria wa Nyar Nam

Jentrix Naswa alizaliwa Port Victoria, kwa watu walioishi kwa samaki, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupenda kazi ya nyavu. Alikuja Kisumu kupika hotelini, na kutoka hapo akaajiriwa kwenye Nyar Nam, meli ndogo yenye vyumba vya kulala iliyowazungusha wageni katika Ziwa Victoria hadi visiwa vya Rusinga na Mfangano na kuwarudisha. Melini alikuwa mpishi. Kabla ya safari aliwatembelea abiria ambao hawajawahi kulala majini, akayafungua mabegi yao kitandani na kuyapanga upya.

Hivyo ndivyo alivyofika mtaa wa Kaloleni, hapo hapo Kisumu, kwa Mzee Hemedi, aliyekuwa amestaafu biashara ya kuuza mabati na misumari, na mkewe Mama Zeituni. Safari ilikuwa zawadi ya binti yao, Afnan.

"Mama, hii sanduku irudi juu ya kabati," Jentrix alisema. "Chumba ya meli ni ndogo sana. Beba begi laini, ile inaweza kusukumwa chini ya kitanda."

Alitoa viatu vya kisigino akaweka raba, kwa sababu sakafu ya meli huteleza. Akaongeza sweta mbili. Dawa za presha za Mzee zilikuwa zimezikwa chini ya kanzu. Akazitia kwenye mkoba wa kiunoni usiopitisha maji, pamoja na simu na kitambulisho.

"Hii haitoki kwa mwili yako, Mzee. Hata ukienda kulala."

"Na nikitapika?"

"Tembe ya kichefuchefu unameza kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika, umechelewa."

Afnan alielezwa njia yote: watalala wapi, watapiga simu wakati gani. "Simu isipokuja, usijiambie ni mtandao," Jentrix alimwonya. "Pigia watu wa bichi, pale wavuvi hushukia Mbita. Namba ndiyo hii."

Mwisho aligusa bangili za dhahabu mkononi mwa Mama Zeituni. "Na hizi muachie Afnan."

Zeituni alicheka. "Hizi alinivisha mama siku ya harusi. Mkono umenenepa, mwanangu. Hazitoki hata kwa sabuni."

"Basi vaa mikono mirefu."

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Mzee alikula samaki wa kukaanga, akasinzia kwenye kiti. Siku ya pili, mchana, walikuwa wametoka Mfangano, na Jentrix alikuwa akisugua sufuria wakati nahodha Okello alipopunguza mwendo. Mashua mbili zilikuwa zikija kwa kasi kutoka upande wa jua.

"Hao si wavuvi," Okello alisema. "Hakuna nyavu."

Jentrix aliacha sufuria. Alikwenda moja kwa moja kwa abiria, akawafunga majaketi ya kujiokolea, mmoja baada ya mwingine, akiwakaza kamba hadi wakalalamika. Alikuwa bado amemshika Mzee Hemedi kiunoni wakati mashua ya kwanza ilipogonga ubavu wa meli.

Waliingia wanaume wanne wenye mapanga, mmoja wao na bunduki. "Piny! Laleni chini!" Okello alijaribu kuondoa ufunguo wa injini. Yule wa bunduki alimpiga kitako cha bunduki mdomoni, na alipoanguka akampiga tena sikioni. Damu ilitiririka hadi kwenye mkeka ambao juu yake abiria walikuwa wamelazwa kifudifudi. Wawili wakaenda nyuma kufungua injini kwa spana, wakifanya kazi haraka na kwa utulivu, kama watu walio gereji.

Wa nne alikuwa akikusanya simu na kuzirusha kwenye mashua yao, hata ile iliyokuwa mkobani mwa Mzee. Alipopita karibu na Zeituni, mkono wa gauni ulipanda kidogo.

"Toa hizo."

"Hazitoki, mwanangu. Wallahi hazitoki."

Akamkanyaga begani, akashika mkono wake na kuvuta. Bangili hazikutoka. Akauzungusha mkono kwa nguvu zake zote, na kila aliyekuwa sakafuni alisikia mfupa ukivunjika. Zeituni alipiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza akitweta. Mwanamume akainua panga, akiupima ule mkono pale kwenye kiwiko.

Mzee Hemedi alisimama. Hakuwa na kitu mkononi. Panga lilimshukia yeye begani, likakata jaketi na nyama, naye akapinduka juu ya ukingo na kuangukia ziwani.

Nanga ya akiba ilikuwa karibu na mlango wa jikoni, chuma kizito chenye kutu. Jentrix hakumbuki kuiinua. Anakumbuka sauti. Alimpiga yule mtu kwenye taya, na taya likaenda upande. Akampiga tena alipokuwa tayari anaanguka. Akainua nanga mara ya tatu, na hapo mwenzake aliyetoka nyuma akamkata mkono wa kushoto. Vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwa ngozi.

Bunduki ililia juu ya vichwa vyao. Injini zilikuwa zimeshashushwa mashuani. Majambazi waliruka kwenye mashua zao, wakamtazama mwenzao aliyelala akigaragara, wakaondoka bila yeye.

Ndipo waliposikia filimbi. Mzee alikuwa akielea nyuma ya meli, jaketi limechanika upande mmoja lakini kamba zimeshika, akipuliza filimbi iliyofungwa kwenye jaketi kwa pumzi fupi fupi. Jentrix alijifunga leso mkononi, akaikaza kwa meno, akamrushia kamba. Walimvuta kwa shida, akalazwa kando ya mkewe. Alitafuta mkoba wake kiunoni, akameza dawa, kisha akaushika mkono mzima wa Zeituni.

Mambo hayakuishia hapo. Wabwire, mfanyabiashara wa Busia aliyekuwa miongoni mwa abiria, alianza kumkanyaga yule jambazi mbavuni. Wengine wakajiunga, hata mwanamke mmoja aliyekuwa akilia muda wote. Wakamburura hadi ukingoni.

"Mtupeni! Samaki wamle!"

Jentrix alikaa chini akiwatazama. Alitaka wamtupe. Baadaye alisema hivyo waziwazi kwa kila aliyemuuliza. Lakini macho ya yule mtu yalimwangukia, na mdomo wake haukuweza kutamka chochote.

"Muacheni," alisema. "Mfungeni kamba."

"Yeye angekuacha wewe?" Wabwire alifoka.

"Hangeniacha. Mfungeni."

Wabwire alimpiga teke la mwisho, kisha akaenda kutafuta kamba.

Meli ilielea bila injini, mawimbi yakiipeleka yalikotaka. Kule Kaloleni, Afnan alisubiri simu ya alasiri, na ilipokosekana hakusita. Alipigia watu wa bichi, akawatajia njia hatua kwa hatua. Wavuvi wa Mbita waliwafikia kungali na mwanga.

Okello alipoteza meno na kusikia kwa sikio moja. Mzee Hemedi alipona, ingawa hawezi tena kuinua mkono ule juu ya bega. Mkono wa Zeituni ulivimba sana, na hospitalini walizikata bangili kwa koleo ili kuuokoa. Vidole vya Jentrix havikurudi. Alikwenda kwao Port Victoria akakaa na dada yake Dorca akianika omena, dagaa wa ziwani, na kila chuma kilipogonga chuma alishtuka.

Kesi iliposikilizwa alimwona mshtakiwa akiletwa. Alikuwa fundi wa injini kutoka Usenge, kijana mwembamba, taya limeunganishwa vibaya, akizungumza kwa shida. Wakili wake alimuuliza Jentrix kama kulikuwa na haja ya kumpiga mara ya pili.

"Mara ya kwanza nilikuwa namuokoa Mama Zeituni," alijibu. "Mara ya pili nilikuwa na hasira."

Mzee Hemedi, aliyekuwa benchi la nyuma, aliinuka akatoka naye nje kesi ilipoahirishwa. Alimnunulia chai ya rangi kwa mama mmoja kando ya barabara. Jentrix alikishika kikombe kwa mkono wa kulia, ule mwingine ukiwa mapajani, naye Mzee akasubiri hadi alipoimaliza.