Mwanzisha Makofi

Baba yangu alikuwa mtunza ukumbi wa mikutano, lakini kilichompa jina ni kuanzisha makofi. Walimwita Mzee Papapa. Ilianza siku meneja mmoja alipohutubia mpaka watu wakachoka hata kupiga miayo. Alipofika mwisho akanyamaza, na hakuna aliyejua kama amemaliza au anatafuta pumzi. Baba alikuwa nyuma kabisa, kashika ufagio, anataka kufunga aende zake. Akapiga makofi, ukumbi mzima ukadakia. Meneja akashuka anang'aa, na tangu hapo Baba akatengewa kiti cha nyuma, karibu na swichi ya feni. Yeye akianza, watu wanafuata. Akitia mikono mfukoni, wanaacha.

Basi, kiburi hicho! Akajifanya mtaalamu. "Hongera unajua ilikotoka?" ataniuliza, nami mdomo umejaa chai. "Ni ndugu yake hongo. Zamani ukifaulu jambo, ulitoa kitu. Siku hizi tunatoa maneno matupu, ni rahisi." Sifa, alisema, imetoka kwa Waarabu, na wala haikuahidi uzuri. "Hata mwizi ana sifa zake, waulize polisi." Vigelegele havina ukoo, ulimi ulicheza tu mdomoni jina likatoka na sauti. Na makofi? "Ukipigwa moja ni kesi, ukipigiwa mengi ni heshima."

"Mikono imekuota sugu kwa kushangilia wezi," Mama alimwambia, "na chai yangu hujaipigia hata kofi la kusingizia."

Muda wa kustaafu ulipokaribia, Baba akawa hana raha. Alitaka na yeye apigiwe, mara moja tu, kabla hajakabidhi funguo. Wala hakuficha. "Mwanangu, nataka niyasikie nikiwa nimekaa mbele."

Siku ikafika. Akakalishwa mbele, suti imembana kwapani. Bosi akamsifu weee, akamaliza.

Kimya.

Watu wote wamegeuza shingo, wanatazama kile kiti cha karibu na swichi. Kitupu. Wanangoja aanze! Sijapata kuona watu wazima wajinga namna ile, na mimi nilikuwa mmoja wao, mikono mapajani. Baba akainamisha kichwa. Najua alidhani hiyo ndiyo thamani yake, na moyo uliniuma.

Mara akainuka, akatugeukia, akajipigia mwenyewe: pa! pa! pa!

Lo! Ukumbi ukalipuka. Vifijo, vigelegele, miguu sakafuni. Na Mama, yule yule, kapanda juu ya kiti cha plastiki anapiga vigelegele kushinda wote.

Baba alipoona inatosha, akatia mikono mfukoni kama siku zote.

Hawakuacha. Akadhani hawajaona; akaitoa, akaitia tena, safari hii mpaka viwiko vikatuna. Hawakuacha.

"Kaa chini, mzee!" Mama akamfokea kutoka juu ya kiti. "Leo hutuzuii!"

Akakaa, akalia mbele ya watu, na mikono bado iko mfukoni.